Maktaba ya umma na mitandao ya kijamii: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yamekusanywa kwa ajili ya wakutubi wa maktaba za umma, hasa za mikoa na wilaya Tanzania na za kaunti Kenya, wanaotaka kuanza kutumia mitandao ya kijamii au walioanza na mambo hayaendi. Maswali ni yale yanayojirudia kwenye mafunzo, kwenye simu na kwenye mazungumzo ya wakutubi wenyewe. Unaweza kuanza popote. Pale jibu linapotegemea jingine, namba ya swali husika imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Mitandao ya kijamii kwa maktaba ni ipi hasa?

Ni chombo chochote cha intaneti ambacho msomaji anaweza kukitumia kujibu, kuuliza, kuchangia au kumwonyesha mwenzake: WhatsApp, Facebook, Instagram, TikTok, YouTube, Telegram, X, na pia katalogi ya mtandaoni inayoruhusu wasomaji kuandika maoni yao kuhusu vitabu (swali la 8). Tovuti ya kawaida inatangaza tu. Hapa msomaji ana sauti, na asipojibiwa, wengine wanaona kwamba hakujibiwa.

2. Maktaba ni mahali pa vitabu na utulivu. Kwa nini tujiingize huko?

Kwa sababu maswali ya wasomaji yameshahamia huko. Mzazi anayetaka kujua kama kitabu cha mwanawe kipo haandiki barua wala hapandi daladala kuja kuuliza. Anatoa simu mfukoni. Akikosa wa kumjibu, anauliza kwenye kundi la wazazi, na huko anajibiwa na yeyote aliye tayari, ajue asijue.

S. R. Ranganathan, mkutubi wa India, alitoa kanuni zake tano za ukutubi mwaka 1931. Ya nne inatutaka tuokoe muda wa msomaji. Kwetu sisi, muda wa msomaji ni pamoja na nauli yake. Mwanafunzi aliyetumia nauli ya kwenda na kurudi kufuata kitabu ambacho kimeazimwa tangu wiki iliyopita tumempotezea vyote viwili, na ujumbe mmoja wa asubuhi ungetosha kumwokoa.

3. Je, hili si jambo lililoletwa na wenzetu wa nje ambalo halituhusu?

Mjadala wenyewe ulianzia Marekani. Mkutubi Michael Casey ndiye aliyeanza mwaka 2005 kutumia jina la "maktaba 2.0", akimaanisha maktaba inayobadilisha huduma zake mara kwa mara kwa kuwasikiliza watumiaji. Vyombo vilivyosifiwa wakati ule vingi vimekufa. Wazo la kumsikiliza msomaji limebaki, na sidhani kama lina nchi. Maktaba zetu zilijengwa kwa msingi huohuo: Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam ilipofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, ilifunguliwa kwa ajili ya watu wote, si wasomi wachache.

4. Ni lazima kila maktaba iwe nayo?

Hapana. Kama hakuna hata mtumishi mmoja anayeweza kutenga walau nusu saa kila siku ya kazi, msianze. Ukurasa uliosimama tangu mwaka juzi, wenye maswali kumi yasiyojibiwa, unaichafua maktaba kuliko kutokuwa na ukurasa kabisa. Katika hali hiyo, namba moja ya simu inayopokewa, iliyobandikwa mlangoni na kwenye kadi ya uanachama, ni huduma bora.

## Kuchagua chombo

5. Tuanze na kipi?

Wasomaji wenu ndio wa kulijibu hili, na wanapatikana. Kwa wiki mbili, kila anayefika dawatini kuazima au kurudisha kitabu aulizwe swali moja: "Ukitaka kuiuliza maktaba kitu ukiwa nyumbani, ungetumia nini?" Wekeni daftari, pigeni mistari. Msiulize watumishi wanachokipenda wao, maana mara nyingi hicho ndicho kinachochaguliwa, na ndiyo sababu maktaba nyingi zina akaunti ambazo msomaji wa kawaida hazijui.

Sehemu nyingi jibu litakuwa WhatsApp. Watu wanaoishi kwa kununua bando dogo la siku huwa na WhatsApp hata pale wanaposhindwa kufungua kurasa nzito au video. Basi anzeni na hicho kimoja, kiendesheni miezi sita, ndipo mfikirie cha pili. Maktaba inayofungua akaunti tano siku moja huishia kuwa na akaunti tano zilizolala.

6. Kundi la WhatsApp, chaneli, au namba ya kawaida?

Hivi ni vitu vitatu tofauti na vinachanganywa sana.

Namba ya maktaba iliyo kwenye WhatsApp Business ni ya maswali ya mtu mmoja mmoja. Programu hii ni ya bure. Inakuwezesha kuweka saa za kazi, ujumbe unaojituma wenyewe mkiwa mmefunga, na majibu ya haraka kwa maswali yanayojirudia kama "mnafungua saa ngapi" na "uanachama ni shilingi ngapi". Kama nitaruhusiwa kupendekeza kitu kimoja tu kwenye ukurasa huu wote, ni hiki.

Chaneli, ambayo WhatsApp iliianzisha mwaka 2023, ni ya matangazo: vitabu vipya, siku za kufunga, hadithi za watoto Jumamosi. Wafuasi hawaoni namba za wenzao, na hawawezi kujaza ukuta kwa salamu.

Kundi ni la watu wenye jambo moja la kuzungumza, kwa mfano klabu ya usomaji ya watu thelathini. Kundi linaweza kubeba watu 1,024, lakini ukilijaza hivyo umeshapoteza mazungumzo. Na kumbuka: kwenye kundi kila mmoja anaiona namba ya mwenzake. Binti aliyejiunga kwa ajili ya vitabu ataanza kupokea ujumbe wa usiku kutoka kwa watu asiowajua. Kwa hiyo kundi la wasomaji wote wa maktaba, ambalo ndilo wengi hulianzisha kwanza, ndilo nisilolishauri.

Ile orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi kwa mpigo ina kikomo cha watu 256, na humfikia tu aliyehifadhi namba yenu kwenye simu yake. Watu huilaumu intaneti kumbe sababu ni hiyo.

7. Vijana wako TikTok na Instagram. Tusiende?

Nendeni mkiwa na mtu anayependa kazi hiyo na anayejua kuifanya. Maktaba ya Umma ya Milwaukee, Marekani, imejulikana mbali sana na mji wake kwa video fupi za watumishi wake, na zimefanikiwa kwa sababu zinatengenezwa na watu wa maktaba wenyewe wanaoipenda kazi yao. Video ya kulazimishwa hujulikana ndani ya sekunde mbili.

Video hula bando, la kwenu na la msomaji. Mkitengeneza, iwe fupi, iwe na maandishi juu yake ili aliyeko kwenye daladala aifuate bila sauti, na ionyeshe kitu halisi: rafu ya vitabu vya kidato cha pili vilivyofika leo, mkono unaofungua boksi, jalada moja baada ya jingine.

8. Katalogi yetu inahusikaje?

Koha, mfumo wa kompyuta wa kuendeshea kazi za maktaba ulioanzia katika maktaba ya Horowhenua, New Zealand, na kuanza kazi mwaka 2000, ni wa bure na unatumika katika vyuo vingi Afrika Mashariki. Katalogi yake ya mtandaoni ina sehemu ya msomaji kuandika maoni kuhusu kitabu, kukipa nyota na kutengeneza orodha yake ya vitabu. Maoni hayatokei hadharani mpaka mkutubi ayaidhinishe.

Faida kubwa ni kwamba maoni hayo yanakaa kwenye hazina yenu, si ya kampuni ya mbali. Kama mfumo mnao na sehemu hiyo imezimwa, zungumzeni na mtu wa TEHAMA. Kama katalogi yenu bado ni ya kadi kwenye droo, msijisikie vibaya. Endeleeni na swali la 9.

## Mpango, ruhusa na gharama

9. Mpango uandikweje? Mkubwa wangu anataka waraka.

Ukurasa mmoja unatosha, na ukurasa mmoja unasomwa. Uwe na haya: tatizo la wasomaji mnalotaka kulitatua, chombo kimoja kitakachotumika, majina ya watumishi wawili watakaokiendesha na saa zao, nani anaidhinisha jambo lisilo la kawaida, gharama kwa mwezi, tarehe ya kutathmini, na nini kitawafanya muache.

Sehemu ya kwanza ndiyo wanayoiharibu wengi. "Kuongeza mwonekano wa maktaba" si tatizo la msomaji. Andikeni kitu kama: "Wanafunzi wa sekondari wanafika Jumamosi na kukuta vitabu vya fasihi vimeazimwa vyote. Tunataka wajue Ijumaa mchana vipo vingapi." Hapo hata asiyejua mtandao ataelewa mnachotaka, na baada ya miezi sita mtaweza kusema kama mmefanikiwa.

10. Nani atoe ruhusa?

Maktaba ya umma ni chombo cha umma, na akaunti yake ni sauti ya taasisi. Tanzania, mkutubi wa mkoa apate ridhaa ya Bodi ya Huduma za Maktaba kwa maandishi kabla ya kufungua chochote kwa jina la maktaba. Mambo ya leseni ya maudhui ya mtandaoni chini ya kanuni zinazosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) yapelekwe kwa mwanasheria wa Bodi mapema. Kenya, huduma za maktaba ni moja ya majukumu ya kaunti chini ya Katiba ya 2010; ulizeni idara yenu ya kaunti, au Huduma ya Taifa ya Maktaba kama mko chini yake.

Barua ya ruhusa ikifika, iwekeni masjala. Siku mkuu mpya akija na kuuliza ni nani aliyewaruhusu, mtaihitaji.

11. Gharama ni zipi?

Simu janja ya kawaida, laini, bando la kila mwezi na muda wa mtumishi. Hicho cha mwisho ndicho ghali na ndicho hakiandikwi kwenye bajeti. Bando lilipwe na ofisi. Mtumishi anayetumia salio lake kujibu wasomaji ataacha, na hatumlaumu.

12. Laini na nywila ziwe kwa jina la nani?

La taasisi. Hili nalisisitiza kwa sababu ndipo huduma nyingi zinapofia. Kinachotokea ni hiki: kijana aliyekuja kwa mafunzo kwa vitendo anafungua ukurasa kwa barua pepe yake na laini aliyoisajili kwa kitambulisho chake. Ukurasa unapata wafuasi. Mafunzo yanaisha, anarudi chuoni. Mwaka unaofuata amebadilisha namba, na maktaba ina ukurasa ambao haiwezi kuuingia wala kuufunga, wenye saa za kazi za zamani.

Sajilini laini kwa jina la taasisi kwenye duka la kampuni ya simu, mkiwa na barua ya ofisi. Fungueni barua pepe ya maktaba kwa kazi hiyo tu. Ukurasa wa Facebook uwe na wasimamizi wawili wenye mamlaka kamili, mmoja wao mtumishi wa kudumu. Washeni uthibitishaji wa hatua mbili, yaani akaunti idai namba ya pili ya siri zaidi ya nywila. Nywila ziandikwe, zitiwe kwenye bahasha iliyofungwa, zikae kwenye kabati la mkuu wa maktaba. Laini isikae bila kutumika miezi: kampuni huifunga, na namba yenu inaweza kupewa mtu mwingine.

13. Watumishi wa muda mrefu wanaogopa. Tuwafundisheje?

Kwa vitu vidogo, kwa vitendo, bila aibu. Mwaka 2006 Helene Blowers wa maktaba ya umma ya Charlotte, North Carolina, Marekani, alitengeneza mafunzo yaliyojulikana kama "mambo 23": kwa wiki tisa kila mtumishi alifanya mazoezi mafupi peke yake kwa muda wake, na aliyemaliza alipewa kifaa cha kusikilizia muziki. Maktaba nyingi duniani ziliiga.

Kwetu mambo manane yanatosha: kutuma picha ya jalada, kujibu swali, kuweka stetasi, kutafuta ujumbe wa zamani, kuzuia namba ya msumbufu, na kadhalika. Mpeni kila mmoja jambo moja kwa wiki, na chai ya pamoja mwisho. Mara nyingi mama wa dawati la kuazimisha, aliyesema hawezi, ndiye anayeishia kujibu vizuri kuliko wote, kwa sababu anawajua wasomaji kwa majina na vitabu kwa rafu.

## Kazi ya kila siku

14. Tuweke nini?

Kinachomsaidia msomaji leo. Vitabu vilivyoingia, na picha za majalada. Vitabu vilivyorudishwa ambavyo watu walikuwa wakivisubiri. Siku ambayo umeme umekatika na chumba cha kompyuta hakifanyi kazi. Tarehe za mitihani na ni vitabu gani vya kiada mlivyonavyo.

Punguzeni picha za vikao, za wageni rasmi kwenye meza kuu na za watumishi waliopanga mstari. Zina mahali pake kwenye taarifa ya mwaka. Msomaji akiona tatu mfululizo anaacha kufuatilia.

15. Jibu zuri linafananaje?

Mwanafunzi ameandika: "Habari mna kitabu cha Biolojia form 4". Jibu baya ni "Ndiyo", kwa sababu atakuja akikute kimeazimwa. Jibu la mkutubi ni hili:

"Habari za mchana. Nakala tunazo tatu: mbili zimeazimwa, moja ipo chumba cha marejeo, unaisomea hapahapa. Tunafungua saa 3 asubuhi. Ukihitaji ya kwenda nayo nyumbani, moja inatarajiwa kurudishwa Alhamisi. Nikuandikie kwenye orodha ya wanaosubiri?"

Angalieni kilichofanyika. Mtu amekwenda kwenye rafu kabla ya kujibu. Hiyo ndiyo kazi yetu ya siku zote ya dawati la marejeo, ila imepita kwenye simu.

16. Tujibu ndani ya muda gani?

Semeni muda mnaouweza, kisha mtimize. "Tunajibu siku za kazi kabla ya saa 10 jioni" ni ahadi ya heshima. Msijibu usiku wa manane hata kama mko macho. Mtazoesha watu jambo ambalo mwenzenu wa zamu hataliweza.

17. Tuandike kwa lugha gani?

Kiswahili kilicho wazi, sentensi fupi, bila vifupisho vya vijana na bila lugha ya mihuri. Maktaba ikiandika "xaxa" imeisaliti kazi yake. Ikiandika "mnatangaziwa kwamba kutakuwa na zoezi la uhakiki" imewafukuza. Andikeni kama mnavyoongea na mzee wa heshima aliyefika dawatini. Mkiweka picha ya tangazo, andikeni maneno yale yale chini yake, kwa sababu msomaji asiyeona hutumia simu inayosoma maandishi, na tangazo lililo kwenye picha tupu halisomeki kwake.

18. Mtu akilalamika au akitukana hadharani?

Malalamiko yabaki pale pale na yajibiwe pale pale. Kama choo ni kibovu, semeni ni kibovu, semeni kimeripotiwa lini, na rudini kusema kikitengenezwa. Kumfutia msomaji lalamiko la kweli ni kumwambia kila aliyeliona kwamba maktaba inaficha.

Matusi, uchochezi na matangazo ya mikopo yafutwe, kwa mujibu wa kanuni fupi mlizozibandika juu ya ukurasa tangu mwanzo. Pigeni picha ya skrini kabla ya kufuta, mweke kwenye faili.

19. Tutajuaje kama inafaa?

Rudini kwenye tatizo mliloliandika (swali la 9). Idadi ya wafuasi ni namba tamu isiyosema mengi. Hesabuni maswali yaliyojibiwa, watu waliofika wakisema "niliona kwenye chaneli", na vitabu vilivyoazimwa baada ya kutangazwa. Daftari lenye safu tatu dawatini linatosha.

## Faragha, hakimiliki na watoto

20. Tunaweza kuwakumbusha wachelewaji wa vitabu kwenye kundi?

Kamwe. Alichoazima mtu ni siri kati yake na maktaba. Mwanamke anayesoma kuhusu talaka, kijana anayesoma kuhusu ugonjwa wake, wote wametuamini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023; Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Lakini hata zisingekuwapo, hii ni heshima ya kazi.

Mkumbushe mtu kwa ujumbe wake binafsi, na usitaje jina la kitabu: "Kuna kitabu cha maktaba ambacho muda wake umepita, tafadhali tuwasiliane." Simu za nyumbani hushikwa na watu wengi. Ujumbe wa aina hii ufutwe kwenye simu ya ofisi baada ya kazi kuisha.

21. Wasomaji wanaomba PDF za vitabu. Wengine wanazituma wenyewe kundini. Tufanyeje?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na linatoka kwa watu wenye shida ya kweli: darasa zima lina kitabu kimoja. Hata hivyo maktaba haiwezi kusambaza kitabu cha mwandishi aliye hai kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Sheria za hakimiliki, ya mwaka 1999 Tanzania na ya mwaka 2001 Kenya, zinamlinda mwandishi, na waandishi wetu wa Kiswahili wanapata kidogo mno hata bila sisi kuwapunguzia. Kundi likiwa la maktaba, kinachosambazwa humo kinasomeka kama kimesambazwa na maktaba.

Kwa hiyo PDF ifutwe, na aliyeituma aelezwe kwa upole faraghani. Lakini usiishie kwenye "hairuhusiwi". Mpe njia. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada vya kusoma bila malipo. African Storybook ina hadithi za watoto kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, zenye leseni huru ya kunakili na kuchapa. Mwandalieni msomaji ujumbe mmoja wenye viungo hivyo, uwe kwenye majibu ya haraka (swali la 6), na muwe mmevijaribu kwa simu ya kawaida kabla ya kumtumia.

22. Picha za watoto wakisoma zinavutia sana. Tunaweza kuziweka?

Kwa ridhaa ya mzazi au mlezi, kwa maandishi, kwa matumizi yaliyotajwa. Kuja kwa mtoto maktabani si ridhaa, na ruhusa ya mwalimu aliyewaleta haitoshi. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data Kenya iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi.

Kuna njia nyingine nzuri: mikono midogo iliyoshika kitabu, viatu vilivyopangwa mlangoni mwa chumba cha watoto, mchoro alioufanya mtoto bila jina lake. Na kwa kuwa WhatsApp na Facebook zenyewe haziruhusu walio chini ya miaka 13, mawasiliano ya kitengo cha watoto yaende kwa wazazi.

23. Tuna picha za zamani za mji wetu. Tuziweke mtandaoni?

Tafadhali fanyeni. Hapa ndipo maktaba ya mkoa ina kitu ambacho hakuna mwingine anacho. Mwaka 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani iliweka maelfu ya picha zake kwenye Flickr, mtandao wa kuonyeshana picha, na watu wa kawaida wakaanza kutaja majina, mitaa na tarehe ambazo wakutubi hawakuzijua.

Wekeni picha moja kwa wiki. Ulizeni swali mahususi: "Duka hili lilikuwa la nani? Nyuma yake ni stesheni au ni ghala?" Wazee hawatakuwa mtandaoni wote, lakini wajukuu wao wako, na wataionyesha picha sebuleni na kurudi na jibu. Majibu yatapingana, hiyo ni hazina, si kasoro. Andikeni yote, nani alisema na lini.

Kisha fanyeni jambo linalosahaulika: hamisheni majibu kwenye kumbukumbu za maktaba siku hiyo hiyo, kwenye katalogi au nyuma ya nakala ya picha kwa penseli. Maoni yaliyobaki kwenye ukurasa wa kampuni hayako maktabani. Kabla ya kuweka, hakikisheni picha ni mali yenu au mwenye nayo ameruhusu, na fikirieni familia za waliomo, hasa kwenye picha za misiba na za magereza.

## Mambo yasiyo ya kawaida

24. Mtandao ukizimika, au chombo kikifungwa kabisa?

Hutokea. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilikatika duniani kote kwa saa takriban sita. Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika na intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima. Uganda iliifunga Facebook Januari 2021, na miaka ikapita bila kufunguliwa. Tanzania, X ilifungwa Mei 2025. Na kampuni zenyewe hufunga huduma: Google+ ilikoma mwaka 2019, Yahoo Groups mwaka 2020.

Kwa hiyo ubao wa matangazo mlangoni usiondolewe. Wekeni orodha ya wanachama na namba zao, waliyoridhia wenyewe, kwenye daftari au kompyuta ya maktaba, ili SMS iweze kutumwa. Kila miezi mitatu hifadhini nakala ya mlichoandika na mlichojibiwa.

25. Mtu ameiteka akaunti yetu na anaomba wasomaji pesa.

Kwanza watu wajue: tangazo mlangoni, SMS, simu kwa walimu wakuu wa shule za jirani. Pili, jaribuni kuirudisha. Kwa WhatsApp, kuisajili upya namba yenu kwenye simu yenu humtoa aliyeingia, na ndiyo maana laini lazima iwe mikononi mwenu (swali la 12). Tatu, ripotini polisi na kwa kampuni ya simu. Karibu kila mara mlango ulifunguliwa kwa mtumishi kumtajia mtu ile namba ya tarakimu sita iliyoingia kwa SMS. Hakuna mtu halali anayeiomba.

26. Wakati wa uchaguzi tufanyeje?

Tangazeni saa za kufungua na vitabu vya uraia na katiba mlivyonavyo kwa pande zote. Msishiriki, msipende wala msijibu chochote cha chama au mgombea, hata pongezi. Kwenye kundi, ujumbe wa kampeni ufutwe bila kujali ni wa nani.

27. Msomaji ananiandikia kwenye namba yangu binafsi. Nimkatalie?

Mjibu mara moja, kwa wema, kisha mpe namba ya maktaba na umwombe aendelee huko. Ukiendelea kwenye yako, siku ukiwa likizo hatapata huduma, na kumbukumbu ya swali lake haitakuwapo kwa mwenzako.

28. Tumejaribu na haijafanya kazi. Tunafungaje?

Kwa adabu ile ile ya kufunga tawi. Wekeni tangazo la mwisho, lenye tarehe na mahali pa kupata huduma badala yake, liache juu kwa mwezi mzima. Jibuni kila swali lililobaki. Hifadhini nakala ya yaliyoandikwa, hasa yale ya historia ya mji (swali la 23). Futeni taarifa za watu kwenye simu. Ondoeni alama ya ukurasa huo kwenye vipeperushi, kadi na ubao wa nje, kisha mwandikie aliyewapa ruhusa (swali la 10) mmefunga lini na kwa nini, ili atakayekuja kuanza upya akute maelezo kwenye faili.